Fundi Fataki na Gobore la Marehemu

Jina hilo hakupewa na mama yake. Mama yake alimpa jina la babu mmoja aliyesifika kwa upole, jina zuri la kuitika mtu bila kuona haya, lakini mjini pale hakubaki hata mmoja aliyelitumia. Alikuwa Fundi Fataki, basi. Waliomwita hivyo mara ya kwanza walimkusudia ubaya. Waliokuja baadaye walilikuta tu, wakaliokota kama mtu anavyookota kopo njiani, na sasa hata watoto waliozaliwa juzi walisimama mlangoni pake wakasema kwa adabu zote, "Fundi Fataki, mama anauliza kufuli yake imepona?" bila kujua kwamba wanamtupia mtu mzima jiwe.

Kiwanda chake kilikuwa chumba kimoja kilichobandikwa ubavuni mwa nyumba, paa la bati, mlango wa mbao mbili zisizopendana. Ndani mlikuwa na meza ndefu iliyoungua hapa na pale, jiliwa la chuma la kubania vitu, na harufu ya mafuta ya mashine ambayo mkewe alisema imemwingia hadi kwenye ndoto. Alitengeneza kufuli, pasi, majiko ya mafuta ya taa, vyerehani vya akina mama. Kazi ya bunduki aliiacha. Au tuseme kazi ya bunduki ilimwacha yeye, kama mke anayeondoka mchana kweupe watu wakitazama.

Zamani alikuwa fundi bunduki, na hapakuwa na mwingine. Wakulima wa upande wa msituni walimiliki magobore ya kufukuzia nguruwe mwitu, na magobore hayo yote yalipita mikononi mwake. Gobore ni silaha ya watu wenye subira. Hujazwa kwa mdomoni: kwanza baruti, kisha risasi ya mviringo iliyovikwa kitambaa, na vyote hushindiliwa hadi chini kwa mdeki, ile fimbo ndefu ya chuma. Huku nyuma kuna kichuchu, kichuma kidogo chenye tundu la kupita sindano, na juu yake huvishwa fataki, kikofia kidogo cha shaba chenye baruti kali. Nyundo ya bunduki ikiipiga fataki, cheche huingia tunduni, huikuta baruti, na baruti huisukuma risasi. Kimoja kikikosekana hapo, unashika rungu tu, tena rungu zito.

Mwindaji mmoja alikuwa rafiki yake wa kufa na kuzikana, mtu mwenye kicheko cha kuamsha majirani. Huyo alimletea gobore lake akitaka kichuchu kipya. Fundi akakichonga, akakikaza, akavisha fataki kwenye bunduki tupu, mdomo wa mtutu karibu na majivu sakafuni, akafyatua. Majivu yakaruka. Maana yake njia ya cheche i wazi. Mwindaji akacheka, akasema hata yeye mwenyewe hajawahi kupuliza majivu vizuri namna ile, akalibeba gobore lake akaenda.

Siku chache baadaye alitoka kwenda kumvizia nguruwe dume aliyekuwa akimaliza mashamba. Wenzake walikuwa mbali kidogo. Walimwona amelenga, wakasikia fataki ikilia "ta!", kisha kimya. Nguruwe hakungoja maelezo. Alimpasua paja, na kabla ya kufikishwa barabarani mwindaji alikuwa ameishiwa damu.

Makaburini, kaka mkubwa wa marehemu alisimama. Mtu huyo alikuwa mpimaji wa ghala la mazao, anayeamua gunia lipi limetimia na lipi halijatimia, na watu walimwita Mizani. Akasema mbele ya wote, "Ndugu yangu hakuuawa na nguruwe. Ameuawa na kichuchu kilichoziba."

Vichwa vikageuka. Fundi, ambaye mchanga wa kaburi ulikuwa bado umemganda viganjani, akaomba aonyeshwe gobore. Mizani akamjibu, "Umeshaliona vya kutosha."

Gobore likafungwa kitambaa, likalazwa juu ya boriti za nyumba ya mjane, na Mizani akakataza mtu yeyote kuligusa. Likakaa huko. Mtoto wa marehemu akakua chini yake, akabalehe, akawa dereva wa lori, akaoa. Na huku chini fundi akageuka Fataki, kwa sababu bunduki aliyoitengeneza ililia fataki tu. Hakuna aliyemletea tena silaha. Lisemwalo lipo, watu walisema, na methali ikisemwa na watu wengi haiombwi ushahidi.

Kilicholitoa gobore darini ni tangazo la serikali: magobore yote ya zamani yapelekwe kituoni, tena yakiwa matupu. Mizani akalishusha, akachungulia mdomoni kwa jicho moja, akaingiza nondo, ikagota. Risasi ya siku ile ilikuwa bado imo, imeshikwa na kutu. Akagonga nondo kwa nyundo mpaka akachoka. Haikusogea hata unywele. Hapo akasema atatia baruti kidogo kwa nyuma, avishe fataki, avute kwa kamba akiwa nyuma ya ukuta, risasi itoke ilikotaka kutoka tangu mwanzo. Akaahidi kuja kuifanya kazi hiyo atakapopata nafasi, akaenda ghalani.

Mjane akalitazama gobore lile, akawatazama wajukuu waliokuwa wakicheza uani, kisha akaliviringisha kwenye gunia na kulibeba begani kama mtu anayepeleka kuni.

"Hodi hapa," alisema mlangoni kwa fundi.

Fundi alikuwa ameinamia cherehani. Alipoinua macho akaona ni nani, na alipoliona umbo la mzigo, alijua kabla gunia halijafunguliwa. Walikuwa hawajazungumza tangu mazishini. Walipokutana sokoni kila mmoja aligundua ghafla kwamba nyanya za upande wa pili ni nzuri zaidi.

"Karibu, shemeji," alisema. Hivyo ndivyo alivyokuwa akimwita enzi za uhai wa rafiki yake, na neno lingine hakuwa nalo.

"Risasi imekwama," mjane alisema. "Shemeji yangu Mizani anataka kuifyatua."

"Akifyatua mtutu wenye risasi iliyogandwa na kutu, mtutu utapasuka. Chuma kitaruka pande zote. Ukuta hautajua kama yeye ni mpimaji wa ghala."

"Ndiyo maana nimekuja kwako."

"Kwangu mimi?"

Mjane aliliweka gunia mezani polepole.

Fundi alifunga mlango nusu, akaanza. Hakuwa ameshika gobore miaka mingi, lakini mikono haikuuliza kitu. Kwanza alihakikisha hakuna fataki kwenye kichuchu. Kisha akalibana gobore kwenye jiliwa, vitambaa pande zote mbili, mdomo ukielekea magunia ya mchanga yaliyoegemezwa ukuta wa nyuma.

"Kaa huku nilipo," alimwambia. "Hata ukidondosha pete yako ya ndoa, usiifuate kule mbele."

"Mbona imelala miaka yote hiyo? Baruti haifi?"

"Baruti haizeeki kama sisi. Bunduki ina risasi na baruti mpaka nione mwanga umepita upande hadi upande. Nikidhani vingine, nitakuwa mjinga, na mafundi wajinga hawazeeki."

Akauteremsha mdeki mtutuni hadi ukagota. Akaweka alama ya chaki pale mdomoni, akautoa, akaulaza nje ya mtutu ili aone risasi imekaa wapi. Ncha ya mdeki ikafika karibu kabisa na usawa wa kichuchu.

Akarudia. Ikawa vilevile.

Risasi ilikuwa imekaa chini mno. Gobore lililojazwa sawasawa, risasi hukaa juu ya baruti, na baruti ina unene wake. Hapa risasi ilikuwa imelala kwenye kitanda cha baruti, na haiwezekani wawili walale mahali pa mmoja.

Wazo la kwanza lililomjia ni kuita watu. Atume mtu ghalani, Mizani aje, majirani wasimame mlangoni, waone kila hatua kwa macho yao. Mkono wake ulishafika kwenye komeo. Ukaishia hapo. Kwani kipimo cha chaki si ushahidi. Kutu inaweza kumdanganya mtu, na baruti kidogo inaweza kuwa imejificha. Halafu kulikuwa na jambo lingine ambalo hakupenda kulitazama. Miaka yote hii alikuwa akijiapia moyoni kwamba kichuchu kilikuwa wazi, lakini kiapo kikirudiwa sana huchakaa. Je, kama kweli kiliziba? Je, kama watu watakusanyika waje washuhudie kosa lake kwa mara ya pili? Alitaka ajue kwanza peke yake. Akarudi mezani.

Alikitia kichuchu mafuta, akangoja, akakifungua kwa spana, robo kwa robo, mpaka kikaachia. Akakiinua kuelekea dirishani. Kutu ilikuwa imekizunguka kama uchafu wa kucha, lakini katikati mwanga ulipita.

"Tazama," alisema. "Tazama, shemeji. Unaona nini?"

Mjane alifumba jicho moja. "Naona nje."

Fundi alikaa kitako kwa muda, kichuchu kiganjani. Kisha akaendelea, maana kazi haijaisha mpaka iishe. Sheria ya risasi iliyokwama aliijua toka kwa aliyemfundisha: kabla ya kuvuta, kabla ya kusukuma, ua baruti kwa maji. Baruti iliyolowa haiwaki. Hata kama huamini kwamba ipo, iue. Alichukua birika akamimina maji katika tundu la kichuchu, na mengine kwa mdomoni, akayaacha yakae. Mjane alikaa kwenye kibao akipindapinda ncha ya kitambaa chake cha kichwa. Nje mtu alikuwa akipiga msumari, akikosa, akipiga tena.

Baadaye fundi akakinga beseni jeupe nyuma ya gobore, akaliinamisha. Maji yakatoka. Yalikuwa ya kahawia, kama chai iliyosahauliwa.

"Ni kutu," mjane alisema.

"Ni kutu tu," fundi alisema. "Baruti ikilowa, maji hutoka meusi kama wino. Inatia doa hata kwenye kucha. Hakuna weusi hapa. Shemeji, humu hamkuwa na baruti. Risasi ilitiwa tupu."

Mjane aliyatazama yale maji kwa muda mrefu kupita kiasi cha maji yenyewe. Fundi hakuona, kwa sababu alishafunga skrubu kwenye ncha ya mdeki na kuanza kuizungushia ndani ya risasi. Alivuta. Skrubu ikatoka na kijipande cha risasi, risasi yenyewe ikabaki. Akajaribu tena, ikawa vilevile. Kutu ilikuwa na nguvu kuliko skrubu. Basi akachukua bomba la grisi kama la gereji, akalikaza kwenye tundu la kichuchu kwa kiungio alichokichonga zamani kwa kazi kama hii, akaanza kubana, taratibu, akiwa amesimama pembeni. Grisi haina hasira, inasukuma tu. Kwanza hapakutokea kitu. Kisha ndani ya mtutu kukasikika mkwaruzo, risasi ikaanza kutembea, polepole kama mtu mnene anayepita mlango mwembamba, ikatokeza mdomoni, ikaangukia kwenye magunia. Nyuma yake grisi ikatoka ya njano ileile iliyoingia, na michirizi ya kutu.

Alipomaliza kuosha mtutu na kupitisha vitambaa, akachungulia, mwanga ukapita upande hadi upande. Ndipo akauliza, bila kugeuka, swali ambalo mtu yeyote angeuliza.

"Siku ile nani aliijaza bunduki?"

Akageuka. Mjane alikuwa amejifunika mdomo kwa kitambaa.

"Mume wangu alikuwa anafunga viatu," alisema hatimaye. "Akamwambia mtoto aijaze, alishamfundisha. Alikuwa hata hajaanza kunyoa. Mimi ndiye niliyemwita katikati. Mbuzi walikuwa wanaingia jikoni, nikapiga kelele njoo uwatoe. Akaja akawatoa. Aliporudi nilikuwa nimesimama mlangoni, nikamwona anatia kitambaa na risasi, anashindilia. Nikadhani baruti alishatia. Na yeye atakuwa alidhani hivyohivyo."

"Anajua?"

"Hajui. Mimi mwenyewe nimejua sasa hivi, kwenye beseni lako."

Fundi alikaa. Kwa mara ya kwanza akaona jinsi mjane alivyozeeka, na pengine mjane akamwona yeye vilevile.

"Fundi," mjane alisema, "nakuomba. Risasi imetoka. Acha iishie hapa."

"Miaka yote hii mimi nimezikwa, shemeji. Nimezikwa nikiwa napumua."

"Najua."

"Hujui. Mlikuwa mnapita tu."

"Basi sijui. Lakini yeye ana watoto. Anaendesha gari usiku na mchana. Ukimwambia kwamba mkono wake ndio uliomuua baba yake, unadhani ni safari ya ngapi ambayo hatarudi?"

Fundi alilifuta gobore, akalirudisha ndani ya gunia. Akatia risasi na kichuchu kwenye kopo la chai. "Nitalipeleka mwenyewe kwa Mizani," alisema. "Jina la mwanao halitatoka kinywani mwangu. Nitasema baruti haikuwamo, basi. Hilo ni langu. Hilo siwezi kukugawia."

Ghalani wachukuzi walikuwa wakipakia lori, na lori lenyewe lilikuwa la mtoto wa marehemu. Alisimama karibu na gurudumu akila karanga, mtu mzima mwenye mabega ya baba yake. Mizani alikuwa mahali pake, nyuma ya mizani kubwa ya magunia. Alipomwona fundi na mzigo ule uso wake ulikunjamana.

"Nani amekupa hilo?"

"Shemeji yako ameniletea. Limeshatolewa risasi, linaweza kwenda kituoni." Fundi alifungua kopo, akaitoa risasi, akaiweka juu ya meza. "Na kichuchu hiki hapa. Kiinue utazame. Kiko wazi. Kosa halikuwa kichuchu. Gobore halikuwa na baruti."

Wachukuzi wakaacha magunia. Hakuna mtu duniani anayependa habari kama mchukuzi aliyechoka.

Mizani hakukiinua kichuchu. "Umejuaje halikuwa na baruti?"

"Nilipima kwa mdeki. Kisha nilitia maji, yakatoka na kutu tupu."

"Ulitia maji."

"Lazima utie maji. Ndiyo usalama wake."

"Kisha?"

"Kisha grisi, ya kusukumia risasi."

"Kwa hiyo ulitia maji, ukatia grisi, ukaosha, ukafuta, halafu ukaja kuniambia kwamba hukukuta baruti." Mizani aliwageukia wachukuzi. "Mtu anafua shati, anakuja kuapa kwamba halikuwa na jasho."

Watu wakacheka. Fundi akakisogeza kichuchu mbele yake. "Tazama kichuchu," alisema.

"Kichuchu kilichokuwa mezani kwako tangu asubuhi, pamoja na sindano zako zote?"

Hapo fundi akaelewa alichokifanya. Kila ushahidi ulikuwa umepita mkononi mwake, na mkono wenyewe ndio uliokuwa ukishtakiwa. Angeliacha gobore kavu, akaita watu, akavuta risasi mbele yao hivyohivyo, akahatarisha vidole vyake na macho yao, labda leo angekuwa na kitu cha kuonyesha. Alifanya kazi kama inavyopasa kufanywa, na kazi ikamfutia ushahidi.

"Shemeji yako alikuwepo," alisema. "Alikaa nami mwanzo hadi mwisho. Muulize."

Mjane alikuwa ameshafika. Alimfuata kwa mbali, akasimama kwenye kivuli cha lori. Mizani akamwita. Akasogea mpaka karibu na mwanawe.

"Shemeji, uliona nini kule?"

"Niliona anamimina maji."

"Yalitoka vipi?"

"Yalitoka machafu."

"Meusi?"

"Machafu tu, shemeji. Mimi si fundi."

Hakuwa amesema uongo hata neno moja. Fundi alimtazama, na yeye akatazama magunia.

Dereva akamaliza kutafuna, akapangusa mikono. Hakuwa na ukali. Alizungumza kama mtu anayemsaidia mzee kuvuka barabara. "Mzee wangu, sisi hatuna ugomvi na wewe. Yaliyopita yamepita. Lakini usimseme baba. Baba ndiye aliyenifundisha mimi kujaza gobore. Hakuwa mtu wa kusahau baruti."

"Si baba yako aliye..." fundi alianza.

Alinyamaza. Mjane alikuwa ameshika mkono wa mwanawe, juu ya kiwiko, kwa vidole vyote.

Baadaye wapo ambao wangesema, kama wangejua, kwamba alinyamaza kwa wema. Haikuwa wema. Wala ile ahadi aliyompa mjane hakuikumbuka wakati ule. Aliona tu jinsi mambo yatakavyokwenda: atalitaja jina, mama atakana, mtoto atashangaa, na yeye atarudi nyumbani akiwa mtu aliyewatukana marehemu na yatima katika saa moja. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na mzazi huyu alikuwa tayari kuuza chochote, ilimradi si chake.

Mizani aliichukua risasi mezani, akaitupia kwenye sahani ya mizani kubwa. Mshale haukucheza. "Mnaona?" alisema. "Haina uzito." Wachukuzi wakacheka tena, safari hii kwa kuchoka, wakarudi kwenye magunia yao. Gobore likapelekwa kituoni jioni ileile na mlinzi wa ghala. Huko, ilisemekana, yote yalikatwa vipande.

Nyumbani mkewe alikuwa akichambua mboga mlangoni. Alikuwa mwanamke wa maneno mafupi yenye ncha. Majirani walisema akikusalimia unajipapasa kama umeumia. Wakati kazi ya bunduki ilipokufa, yeye ndiye aliyekwenda kuwafulia watu nguo ili chungu kisikae bure, na hakuwahi kulisema jambo hilo wala kulisahau. Fundi alikaa kwenye ngazi, akamsimulia yote. Kipimo cha chaki, maji ya kahawia, mbuzi, ghala, kicheko. Jina la mtoto alimtajia, maana mke ni mke.

Mwanamke aliacha kuchambua. Macho yake yakajaa maji, jambo ambalo fundi hakuwa ameliona tangu walipomzika mama mkwe.

"Kumbe," alisema. "Kumbe kweli hukukosea."

Fundi alisubiri, akidhani hakusikia vizuri.

"Kumbe?" aliuliza.

"Namaanisha..."

"Nilikwambia siku ileile. Nilikwambia majivu yaliruka. Nilikwambia kila mwaka."

"Ulinambia, mume wangu."

"Ukasema unaniamini."

"Ulitaka niseme nini? Ulikuwa huli, hulali. Nikasema nakuamini." Alijifuta macho kwa nyuma ya mkono. "Nilikusamehe zamani sana. Nilijiambia, kila fundi hukosea siku moja, na mimi nimeolewa na huyu. Nikakusamehe, nikaendelea kufua."

Alilisema hilo kama mtu anayetoa zawadi. Fundi akaangalia mboga zilizochambuliwa upande huu na zisizochambuliwa upande ule. Mizani, fundi alimjua kuwa ni adui; mjane, alimjua kuwa ni mama. Huyu alilala naye kitanda kimoja, akimsamehe usiku baada ya usiku kosa ambalo hakulifanya, na yeye hakuwahi kusikia hata pumzi ya msamaha huo.

"Ungeita watu kwanza," mkewe alisema. "Hata mwizi huita shahidi wake."

"Ndiyo."

"Basi twende tukaseme. Mimi nitasema. Nitasimama pale pale ghalani, na yule dereva atanisikia."

"Utasema umeona nini?"

Mkewe akarudi kwenye mboga zake.

Mjane alituma vitu mara mbili: kikapu cha mayai, na kitambaa kizuri cha suruali. Fundi aliyarudisha mayai. Kitambaa mkewe alikizuia, akasema kitambaa hakina kosa, akakishona, na suruali ile fundi hakuivaa. Dereva alipopita na lori lake alipiga honi ya heshima, na kila alipopiga fundi aliinua mkono, kwa kuwa mtu akikusalimia humwachi hivihivi.

Lakini kilichomlemea hasa kilikuwa ndani ya nyumba. Mkewe alibadilika. Ulimi wake ulilainika. Alianza kumwekea maji ya moto ya kuoga bila kuombwa, kumwachia kipande kikubwa cha nyama, kumwita kwa lile jina alilopewa na mama yake, jina alilokuwa ameliacha hata yeye. Alimuuliza habari za kazi, akakaa kuzisikiliza. Usiku alimvutia blanketi. Na fundi alioga, akala, akaitika, akashukuru. Kila wema mmoja ukamwonyesha ulikuwa umezuiliwa tangu lini, na kwa sababu gani. Hakumwambia kitu. Walikuwa wamebakiwa na miaka michache, na mwanamke alikuwa na furaha.